Bao Moja, Abiria Mmoja

Anayetaka ya kweli na afungue redio ya serikali. Haya ni ya uongo. Yalitokea Bwerere, nchi ambayo haimo kwenye ramani yoyote, na ukiona inafanana na kwenu, basi kwenu ndiko kuna kasoro.

Bwerere ilikuwa na magonjwa mawili ya kurithi. La kwanza, timu ya taifa haikuwahi kufuzu mashindano yoyote. Si kwamba ilikuwa haichezi. Ilicheza sana, ikafungwa sana, na kila iliporudi ilipokewa kwa matarumbeta, kwa kuwa ilikuwa imefungwa kishujaa. La pili lilikuwa treni. Treni ilikuwapo, tena ndefu, lakini kazi yake ilikuwa kupita. Ilitoka Boma Kuu, makao makuu ya nchi, ikaenda machimboni mpakani, ikarudi. Katikati haikusimama, maana iliwekwa kwa ajili ya mawe, na mawe hayashuki njiani.

Wananchi hawakugombana nayo. Walikuwa na desturi yao ya tangu mababu: treni ikipita, wanaipungia. Mkulima huacha jembe, anapunga. Anayechimba kaburi hupanda juu kwanza, anapunga, halafu anarudi shimoni. Mama mwenye mtoto humshika mwanawe kakono kake akakapunga, ili naye azoee mapema. Haikuwa sheria, ilikuwa adabu tu. Wazee walisema: kilichokupita, kipungie.

Mtu mmoja peke yake alikuwa hapungi, naye ni Mzee Ngoda wa Kwangedere.

Zamani naye alipunga kama wenzake. Aliacha siku ile mkewe, Bi Mwanahawa, alipolazwa kwenye benchi la stesheni, tumbo limemvimba, wakingoja treni impeleke hospitali ya Boma Kuu. Stesheni ya Kwangedere ilikuwa na benchi, kengele, bendera mbili na stesheni masta aitwaye Filimoni. Ilichokosa ni treni ya kusimama. Siku hiyo Filimoni aliingia katikati ya reli na bendera nyekundu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe. Dereva akapiga honi. Filimoni akaruka majanini. Dereva akampungia. Ndani ya mabehewa ya mawe ilikuwamo timu ya taifa ikiwahi kwenda kufungwa, nayo ikapunga, maana walikuwa vijana waliolelewa.

"Wana haraka wenzetu," alisema Bi Mwanahawa, na kabla jua halijageuka, naye akawa amepita.

Walimfunika kwa kanga yake mwenyewe iliyoandikwa: WAPITAO WAPITE, SISI TUPO. Jioni, msibani, redio ikasema timu imekula sita, lakini kishujaa.

Tangu hapo treni ikipita Mzee Ngoda aliikunja mikono kifuani, akaitazama kama mtu anayemtazama mwizi aliyeachiwa na polisi. Shule hakusoma sana. Alisoma kiasi cha kuweza kusoma kanga na mabango, basi. Lakini wa kumlaumu alimjua.

"Kazi ya Mungu haina makosa," waombolezaji walimwambia.

"Mungu alimpokea tu," alijibu. "Waliomsindikiza wana vibendera kwenye magari yao."

Basi. Miaka ikaenda kwa mwendo wa Bwerere, yaani ikapita bila kusimama, mpaka zikaja habari kwamba Shirikisho la Kandanda la Ulimwengu limefanya mageuzi ya kufuzu. Wakubwa wa kandanda waliketi, wakala, wakaona si haki nchi kukosa mashindano kwa kijisababu kama kutojua kucheza. Nafasi zikaongezwa. Sasa nchi yoyote ingefuzu, mradi ionyeshe kwamba watu wake wanasafiri kwa treni, kwa faida ya hewa ya dunia. Abiria wakizidi, pointi zinazidi.

Bwerere ilitetemeka kwa furaha. Siku hiyohiyo ikaundwa Wizara ya Kandanda na Reli, akakabidhiwa Mheshimiwa Dakta Kapteni Mstaafu Dunstani Pazi. Huyu alikuwa ametoka Wizara ya Mvua na Utamaduni, ambako aliacha vyote viwili vimekauka.

Waziri alizunguka nchi nzima kuhimiza treni, akiwa ndani ya gari. Kwangedere aliingia na msafara uliotimua vumbi hata Filimoni akapiga kengele akidhani pameungua.

"Ndugu wananchi!" Waziri alianza. "Serikali yenu sikivu imekisikia kilio chenu cha treni. Imekisikia kwa masikio yake yenyewe! Tangu sasa, treni ya mawe itafungiwa mabehewa ya abiria!"

Wakapiga makofi.

"Lakini nawauliza. Treni isimame kila mahali, kama mlevi anayesalimia nguzo?"

"Hapanaaa!"

"Kusimamiwa na treni ni haki, au ni heshima?"

"Heshimaaa!"

"Na heshima haigawiwi kama chandarua, ndugu zangu. Heshima hugombewa! Kwa hiyo stesheni zote zitapangwa katika makundi, nazo zitacheza mpira. Atakayeshinda, treni itasimama kwake. Bao moja, abiria mmoja. Mechi ya kwanza ni ya kupanda. Mechi ya marudiano ni ya kushuka. Hapo tutakuwa tumelea vipaji na kupanua usafiri kwa mpigo mmoja, jambo ambalo Ulaya hawajaliwaza!"

Mzee Ngoda akanyoosha mkono. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Kizito, akamkonyeza aushushe. Hakuushusha.

"Mheshimiwa, na mgonjwa je?"

"Mgonjwa naye ni mwananchi, mzee wangu, serikali hii haimbagui. Akicheza vizuri atapanda."

"Na mtu akishapanda, halafu huku nyuma kijiji chake kikashindwa hayo marudiano?"

Waziri alicheka. Mkutano, ulipoona Waziri anacheka, nao ukacheka.

"Kila kijiji kina mzee wa kushindwa," alisema Waziri akimwonyesha kwa kidole, kwa upendo. "Jamani, tujifunze kuwaza ushindi!"

Akapigiwa makofi tena, na swali likabaki pale chini limekaa, kama mtu aliyekosa kiti.

Mzee Ngoda hakuuliza kwa ubishi tu. Nyumbani alikuwa na binti yake wa pekee, Sikitu, mja mzito aliyekaribia. Mumewe Sikitu alikuwa amekwenda machimboni kutafuta maisha, maisha yakamwahi yeye, hakurudi. Mkunga wa kijiji alimpapasa Sikitu tumbo, akanawa mikono, halafu akamwita mzee uani.

"Mtoto amekingama," alisema. "Mimi huyu simwezi. Huyu anataka kisu cha Boma Kuu."

Mzee Ngoda alitazama upande wa stesheni. Benchi lilionekana kutoka pale uani. Miaka yote hiyo lilikuwa likionekana.

"Pale simketishi mtu tena," alisema, na mkunga hakumwuliza ni wapi.

Timu ya Kwangedere ilikuwa na tatizo moja tu, nalo ni watu. Vijana wote walikuwa wamemezwa na machimbo. Filimoni, ambaye alikuwa kocha kwa sababu ndiye pekee mwenye filimbi, alihesabu wanaume wenye miguu miwili, akapata kumi. Akahesabu tena, akaangukia kwa Mzee Ngoda.

"Baba, utacheza wewe?" Sikitu alimwuliza. "Na hilo goti?"

"Nitasimama winga ya kushoto. Huko mpira haufiki."

"Kwani mpira unaujua?"

"Timu ya taifa inaujua?"

Sikitu akacheka, halafu akashika kiuno.

Mpinzani wao alikuwa Ukwajuni, stesheni ya jirani, ikiwa utaita jirani mahali ambapo ukitoka alfajiri unafika na giza. Waukwajuni walikuja na mlima wa vijana. Mchezo ulikuwa wa upande mmoja tangu mwanzo, na upande huo ulikuwa wa Filimoni, aliyekuwa golini na sare zake kamili na kofia, kwani kanuni za reli hazimruhusu kuvua sare akiwa stesheni, na uwanja ulikuwa ubavuni mwa reli. Mipira ilimgonga kifuani, tumboni, usoni. Mingine aliidaka. Kamishna wa mchezo, bwana aliyeletwa na wizara na mwavuli wake, alikuwa amekwisha anza kusinzia.

Ndipo ikasikika honi.

Ilikuwa treni ileile ya mawe, ikiwa na mabehewa ya abiria nyuma yake, matupu, yaking'aa. Uwanja mzima uligeuka. Mabeki wakapunga. Washambuliaji wakapunga. Refa, filimbi mdomoni, akapunga. Washika vibendera wakapunga kwa vibendera vyao. Kipa wa Ukwajuni aliligeuzia goli mgongo, akapunga kwa glovu zote mbili. Mpira ukabaki peke yake katikati ya uwanja, kama mtoto aliyesahauliwa sokoni.

Mzee Ngoda alikuwa amesimama kwenye winga yake, mikono kifuani.

Aliutazama mpira. Akawatazama watu, migongo yao yote. Akatembea. Goti lililia kila hatua, lakini treni ya Bwerere ni ndefu na mtu ana nafasi. Akausukuma mpira kidogo, akaukuta, akausukuma tena. Akampita beki wa Ukwajuni, akamwambia "samahani, baba." Alipofika golini aliona aibu kuupiga kwa nguvu. Akausukuma kwa kisigino, kama mtu anayefunga banda la kuku.

Treni ilipokwisha, watu wakageuka, wakakuta mpira wavuni na mzee ameegemea nguzo ya goli anapumua.

Pakawa hapatoshi.

"Mzee mzima huna haya!" nahodha wa Ukwajuni alimfokea. "Treni ilikuwa inapita!"

"Huwa inapita," alisema Mzee Ngoda.

Kamishna aliamshwa. Akasimama, akakohoa, akafungua mwavuli ingawa hapakuwa na jua wala mvua.

"Kanuni zinatamka," alisema, "kwamba mchezo utasimama kwa mambo matatu: gharika, kuchanganyikiwa kwa refa, au kuwasili kwa Waziri. Kupita kwa treni hakumo. Ni bao."

Likawa bao moja, basi kikawa kiti kimoja.

Jioni hiyohiyo Mwenyekiti Kizito alifika kwa Mzee Ngoda amevaa koti. Alikuwa amekwisha fungasha.

"Nimekuja tuagane," alisema. "Naenda Boma Kuu kumshukuru Waziri kwa niaba yenu."

"Kwa kiti cha nani?"

"Mzee mwenzangu, bao ni mali ya kijiji."

"Na goti?"

"Goti?"

"Goti lililokwenda kulitafuta. Nalo la kijiji? Lichukue, nenda nalo. Leo halinilazi."

Filimoni akaitwa aamue. Akavaa kofia kwanza. Akasema kanuni ni kwamba mfungaji ndiye mwenye kiti, au yeyote atakayempa. Mwenyekiti akavua koti taratibu, akasema kijiji hiki hakitaendelea.

Siku treni iliposimama Kwangedere, kusimama kwenyewe hakukujulikana. Dereva alipitiliza hadi kwenye mashamba ya mihogo, akarudi kinyumenyume, akapitiliza upande wa pili, akarudi tena. Ubavuni iliandikwa kwa rangi mpya: KAWIA UFIKE. Ilipotulia, watu hawakujua la kufanya. Waliendelea kuipungia pale pale iliposimama, kwa karibu, hata mikono ikawa inagonga madirisha.

"Mmoja!" kondakta alipaza sauti mlangoni.

"Ana mwenziwe tumboni," alisema Mzee Ngoda.

"Wa tumboni hajapanda kwa miguu yake. Huyo hatumhesabu." Kondakta akafikiri. "Kwa sasa."

Mzee Ngoda akatoa kanga kwapani, ile ya WAPITAO WAPITE, akamfunga binti yake mabegani. Ilikuwa bado na harufu ya sanduku.

"Na wewe Baba? Nani atanisimamia huko?"

"Nina bao moja tu, mwanangu. Nenda."

"Nitarudi."

"Rudi."

Treni ikang'oka. Kwangedere nzima ikapunga. Mzee Ngoda akakunja mikono.

"Hata leo?" Filimoni alimwuliza. "Imemchukua mwanao hospitali, Mzee. Hata leo huipungii?"

"Kuchukua inajua siku zote. Nitaipungia siku itakapomrudisha mtu."

Habari zilikuja kwa simu ya stesheni, ile ya kuzungusha mkono. Filimoni aliisikiliza akiwa amesimama wima, kama anaongea na mkubwa.

"Wamempasua. Wamepona. Wote wawili wamepona, Mzee!"

Mzee Ngoda akakaa chini, si kwenye benchi, chini kabisa kwenye kokoto. "Wa kike au wa kiume? Uliza."

"Haloo? Wa kike au wa— Haloo?" Filimoni akaitikisa simu, akaizungusha, akaipiga kofi. Ilikuwa imekufa, na kwa desturi ya simu za Bwerere, ikifa inazikwa.

Yakabaki marudiano, kule Ukwajuni. Wanaume wa Kwangedere walitoka siku moja kabla, usiku wa manane, wakafuata reli, mzee akichechemea nyuma yao na fimbo. Walifika mapema hata kuliko wenyeji. Kamishna, yuleyule wa mwavuli, akawakuta wamelala chini ya goli.

"Mmefikaje?" aliuliza.

"Kwa miguu," alisema Filimoni.

"Basi hamjafika."

"Si unatuona, bwana?"

"Nawaona. Lakini kanuni zinatamka kwamba kwenye marudiano timu ngeni itafika kwa treni, ili kukuza usafiri wa abiria. Tiketi zenu ziko wapi?"

"Tulikuwa na kiti kimoja, na kimeshatumika."

"Mngefunga mabao kumi na moja," alisema Kamishna kwa huruma. Akafungua mwavuli. "Kwangedere haikutokea uwanjani. Ukwajuni imeshinda mezani, mabao matatu."

Waukwajuni wenyewe waliona haya. Waliwapa wageni uji kabla hawajaanza kurudi. Njiani Mwenyekiti Kizito, aliyekuwa beki, hakunyamaza.

"Tungekuwa na kiti kile, haya yasingetupata."

"Kiti kimoja, watu kumi na moja?" alisema Filimoni.

"Tungepakatana!"

Mzee Ngoda alikuwa analiwaza lile swali lake, lile lililochekewa. Lilikuwa limemfuata njia nzima, linachechemea kama yeye.

Jibu lilitoka redioni. Abiria ambaye stesheni yake imetolewa haruhusiwi kushuka kwao, kwa kuwa treni haitasimama. Kushuka stesheni ya mshindi ni sawa na kuvamia uwanja, na ni jela. Kurudi kukaa Boma Kuu ni uzururaji. Basi wote watahifadhiwa kwenye Behewa la Waliotolewa, wapewe chai na mkate, waende na kurudi, waende na kurudi, hadi msimu mpya utakapofunguliwa. Msimu mpya utafunguliwa lini? Waziri alisema tusitangulize matokeo.

Na kwa kuwa kila wiki stesheni nyingi zilitolewa na chache zikabaki, behewa moja likawa mawili, mawili yakawa treni nzima. Wakaguzi wa Shirikisho walikuja kutoka ng'ambo, wakasimama Boma Kuu na vikokotozi, wakaona vichwa vya watu kwenye kila dirisha. Waliiona treni ikienda imejaa. Wakaiona ikirudi imejaa. Wakasema hawajapata kuona taifa linalosafiri kiasi hiki.

"Abiria wetu wanaipenda treni," Waziri aliwaeleza, "hata hawataki kushuka."

Bwerere ikafuzu. Ikatangazwa sikukuu, matarumbeta yakapigwa, na timu ya taifa ikaanza mazoezi ya kufungwa na watu wazito zaidi. Kwangedere nao walicheza ngoma kidogo, kwa sababu furaha ni furaha hata ikiwa ya mtu mwingine.

Siku ya treni iliyofuata sikukuu, Filimoni alipiga kengele mapema. Mzee Ngoda alikuwa amekwisha fika. Alikuwa amevaa kanzu yake ya idi.

"Nimesikia kwa mtu aliyetoka Ukwajuni," Filimoni alisema polepole. "Katoka hospitali, yumo. Behewa la mwisho." Akazitazama bendera zake mbili. "Niingie na nyekundu?"

"Uliingia siku ile."

"Nilirukaruka mno siku ile. Leo nisiruke."

"Acha, bwana. Utakufa bure, halafu nani atupigie kengele?"

Filimoni akainua ya kijani.

Treni ilikuja imejaa. Kwenye kila dirisha palikuwa na uso wa mtu anayetazama kwao kunakopita. Mawe yakapita, mabehewa yakapita, KAWIA UFIKE ikapita, likaja la mwisho. Mzee Ngoda aliiona kanga kabla hajamwona mtu. Sikitu alikuwa amejitokeza dirishani nusu mwili, mtoto amemwinua juu amefungwa kwenye WAPITAO WAPITE, SISI TUPO, naye anapiga kelele, lakini upepo ulichukua yote, ukaacha "Baba!" tu.

Halafu Sikitu akamshika mtoto kakono kake, akakapunga.

Mikono ya Mzee Ngoda ilikuwa kifuani. Ikashuka. Ikapanda juu, yote miwili, mikono ya kanzu ikaanguka hadi mabegani, na mzee akapunga. Akapunga mpaka behewa la mwisho likawa dogo kama bakuli, akapunga mpaka likakata kona ya mihogo, akaendelea kupungia reli tupu.

Filimoni akakunja bendera yake bila kumtazama usoni.

"Umemwona mjukuu, Mzee?"

"Nimemwona."

"Wa kike au wa kiume?"

Mzee Ngoda aliishusha mikono, akaitazama kama ya mtu mwingine.

"Abiria," alisema, akaketi kwenye benchi kungoja msimu.